Fimbo za Mkono wa Kushoto

Fundi alikubali kwenda duka la gofu kwa sababu alichoka kukataa. Dada wa mumewe, muuguzi mwenye mdomo usiopoa, alikuwa ameanza mchezo huo mwaka uliopita na sasa hakuwa na habari nyingine. Kila akija kuchukua nguo zake lazima gofu iingie. Mgongo utapinda kwa kuinamia cherehani, wifi. Unahitaji kutembea, wifi. Jumamosi kuna mafunzo ya akina mama wanaoanza, wifi, na nimeshakuandikisha.

"Umeniandikisha kwa ruhusa ya nani?"

"Ya kaka yangu. Kasema nikutoe nyumbani angalau apumzike."

Fundi akacheka, akafunika cherehani, akapangusa nyuzi kwenye gauni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mpole, na nusu ya mtaa ilivaa nguo za mkono wake. Akiingia mahali pageni hutazama kwanza mapindo ya nguo za watu, ndipo atazame nyuso.

Duka lilikuwa chini ya jengo la ofisi, jirani na duka la miwani. Ndani palinukia ngozi na mpira mpya. Fimbo zilipangwa ukutani kutoka sakafuni hadi karibu na dari, vichwa vikimetameta, na Fundi akasimama mlangoni mkono mdomoni. Siku zote alidhani gofu ni fimbo moja na mpira mmoja.

Mwenye duka alikuwa mwanamume mnene, mwenye suruali iliyokatwa vizuri. Hilo Fundi aliliona mapema. Wifi akamwanzia: "Huyu ndiyo kwanza anaanza. Mpe seti nzima, mfuko mkubwa, viatu, kila kitu. Asije akaniaibisha."

"Taratibu, dada. Anayeanza habebeshwi duka." Akaeleza kwamba fimbo saba zinamtosha: moja ya kichwa kikubwa ya kupeleka mpira mbali, ile bapa ya kuusukumia shimoni, na chache za chuma za kazi zote za katikati. Nyingine ataziongeza akishajua anakosea wapi. Kisha akachukua futi kamba ampime kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, apate urefu wa fimbo unaomfaa. Fundi, ambaye amepima watu maisha yake yote, akasimama wima kama mtoto anayeshonewa sare ya kwanza. Hakukumbuka lini yeye mwenyewe alipimwa.

Kwenye kona kulikuwa na zulia la kijani na wavu mzito wa kujaribia. Akapewa fimbo ya chuma. Pigo la kwanza likapita hewani. La pili likagonga zulia, mikono ikamfa ganzi. La tatu likaugusa mpira kidogo, ukajiviringisha ukasimama kwenye kiatu cha wifi.

"Upige, wifi! Usiubembeleze!"

Jasho likamtoka. Bila kufikiri akazunguka upande wa pili wa mpira, akageuza fimbo, kisogo cha kile chuma kikauelekea mpira.

Mwenye duka akainua mkono. "Subiri kidogo. Mama, unaandika kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Kula?"

"Kulia. Mkasi pia kulia."

"Na ukirusha jiwe?"

Fundi akaitazama mikono yake. Utotoni mwake mkono wa kushoto ulikuwa aibu ya nyumba. Mama yake aliufunga kwa kitambaa kila chakula kilipotengwa, na shuleni mwalimu akamalizia kwa rula. Alinyooshwa akanyooka. Lakini hakuna aliyekumbuka kumfundisha kurusha mawe.

"Kushoto," akasema kwa sauti ndogo.

Mwenye duka akaingia stoo, yakasikika maboksi yakisogezwa, akatoka na mfuko uliojaa vumbi. Akapangusa fimbo moja akampa. Fundi akaitazama kwa jicho la ufundi wake. Uso wa chuma ulielekea upande usio wake, kama vazi linavyoonekana kwenye kioo.

"Hii ilikosewa kiwandani?"

"Haikukosewa. Imetengenezwa hivyo makusudi, kwa watu wa shoto."

"Makusudi?"

"Makusudi kabisa."

Akaigeuzageuza. Kumbe mahali fulani watu wasiomjua walikaa mezani wakachora, wakamimina chuma, wakasugua, wakapiga rangi, muda wote wakimfikiria mtu kama yeye, na hakuna aliyemwona ana kasoro. 

Akasimama upande wake, akapiga. Mlio ulikuwa mfupi na safi. Wavu ukatuna. Mikononi hakuhisi kitu, kama vile mkasi unapopata njia yake kwenye hariri.

Wifi akausogelea wavu. Akasema, polepole, "Hebu rudia."

Akarudia mpaka pumzi zikamwishia. Alichagua fimbo saba zilizokwisha tumika, zenye vishikio vipya. Viatu alikataa, raba zake zilitosha. Wifi alipomletea glavu ya kushoto kama yake, mwenye duka akairudisha: kwa mtu wa shoto glavu huvaliwa kulia. Fundi akacheka hadi machozi. Leo mkono wa kulia ndio unaofungwa kitambaa!

Jumamosi akina mama walijipanga mstari mmoja mbele ya uwanja. Wote, ubavu ukiuelekea uwanja, walitazama upande mmoja isipokuwa Fundi, aliyejikuta uso kwa uso na jirani yake, karani wa benki.

"Dada, umesimama vibaya," karani akamnong'oneza.

"Nimesimama vizuri," Fundi akajibu.

Akapiga. Mpira ukapaa juu ya majani yenye umande, ukawa kama kifungo cha shati, ukawa kitone, ukaning'inia angani kana kwamba umesahau kushuka. Kazi yake yote ya miaka mingi ilikuwa kati ya jicho na sindano. Hakuwa amewahi kupeleka kitu chochote mbali namna ile. Aliacha fimbo begani, kinywa wazi.

"Wifi, weka mwingine. Huo umeshaanguka," dada wa mumewe akamwambia kutoka nyuma.

"Najua. Ngoja kwanza."