Mwandiko wa Mwavita kwenye Nyaya za Gari

Papa Mahmoudi hajui kusoma. Ni fundi wa umeme wa magari, na kwa miaka kumi na minane tumefanya kazi uwanja mmoja hapa Kalemie, yeye kwenye nyaya, mimi kwenye kuchaji betri. Kusoma ilikuwa kazi ya mke wake, Mwavita. Kifaa kipya kikija na karatasi yake ya Kifaransa, Mwavita alileta kiti, akasoma polepole, na mume akasikiliza mikono ikiwa ndani ya gari.

Hivyo ndivyo walivyofunga ile mashine ya Papa Gérard. Gérard analeta maharage na viazi kutoka Kirungu, na kwenye ile milima injini yake ya turbo ilikuwa inapata moto mpaka inagonga. Ndugu yake akamtumia mashine ndogo, tangi na pompi na mrija, inayopulizia injini maji yaliyochanganywa na methanoli, pombe kali isiyonyweka, ili hewa inayoingia ipoe. Uwanjani tulicheka sana.

"Papa Gérard, gari yako inakunywa kuliko wewe."

"Inakunywa, lakini yenyewe inafanya kazi," alijibu. "Si kama ninyi."

Maungio ya nyaya yalikuwa matano, na nyaya zote nyeusi. Tepu ilikuwa imeisha. Mwavita akakata vipande vya plasta ya vidonda, akaandika jina la kila waya kwa kalamu ya bluu, akazungushia pale pale mume alipounga. Plasta ikawa jina, ikawa kifuniko pia.

Mwaka uliofuata Mwavita alikufa kwa homa, ndani ya siku nne. Kisha ziwa likapanda, maji yakaingia nyumbani kwao na kuondoka na sanduku la madaftari yake. Mwandiko wake wote uliobaki duniani ukawa zile plasta tano, chini ya boneti ya gari la mtu mwingine.

Gérard akirudi safari, hata gari likiwa zima, Mahmoudi alifungua boneti, akasimama kidogo, akafunga. Siku moja nilimwona akizipaka plasta verni ya kucha, ile isiyo na rangi, ili wino usifutike. Gérard alimwona pia.

Mwezi wa tatu mwaka huu Gérard alirudi amekasirika. Mlimani, taa ya mashine mbele ya dereva iliwaka kama kawaida, lakini injini iligonga, ikakosa nguvu, gari likaanza kurudi nyuma. Juu ya magunia kulikuwa na watu.

"Pompi njo imekufa," alisema.

"Tutaona."

Mahmoudi alianza na fyuzi. Ilikuwa nzima. Akasikiliza relé, ile swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye pompi, ililia vizuri. Akagusa waya wa pompi kwa taa yake ndogo ya kupimia, nayo ikawaka.

"Si unaona? Umeme unafika. Nitaagiza pompi ingine Kigoma."

Mahmoudi alichukua nyaya mbili, akaunga pompi moja kwa moja na betri. Ikazunguka kwa nguvu, ikamwagia Gérard viatu.

"Ulitaka tuizike ikiwa hai?" Mahmoudi aliuliza. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akitania.

Kisha akatoa ampuli, ile balbu ya taa kubwa ya mbele. Taa ndogo inadanganya, alituambia, hata waya uliobaki na nyuzi mbili unaiwasha. Ampuli kubwa inakula umeme kama pompi. Akaiunga na waya upande wa relé, ikawaka nyeupe. Akaiunga upande wa pompi, ikawa nyekundu kama kaa linalozimika. Basi ugonjwa ulikuwa katikati, na hapo katikati kulikuwa na plasta.

Mkono wake ukaondoka pale. Akarudi kwenye fyuzi. Akapima relé tena. Akakaza nati ya waya wa masi, ule unaofungwa kwenye bodi, nati ambayo haikuwa imelegea. Mara ya pili, mara ya tatu, ampuli ilijibu vilevile.

"Papa Mahmoudi," Gérard alisema, "fungua ile plasta."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Kesho niko na mzigo."

Mahmoudi akachukua wembe. Plasta ilikuwa imenywa mvuke wa maji na ile pombe, na verni ikafungia unyevu ndani. Ilivunjika kama ganda la yai, herufi pamoja na verni. Chini yake shaba ilikuwa unga wa kijani. Akakata, akaunga upya, akafunga tepu. Pompi ikazunguka.

Gérard akashusha sauti. "Zile nne ziache. Zinafanya kazi."

Mahmoudi akachukua wembe tena.

"Leo zinafanya," alisema. "Watu wanakaa juu ya magunia yako."

Akazikata zote nne, akaunga nyaya upya na kufunga tepu. Vipande alivipokea kwenye kitambaa, lakini hakuna kilichobaki na neno zima. Vilikuwa maganda yenye alama za bluu tu.

"Sasa utazijuaje?" Gérard aliuliza.

Mahmoudi akagusa moja moja. "Pompi. Relé. Fyuzi. Masi." Kwenye ya tano akasimama. "Hii, Mwavita aliandika nini?"

"Si ya tangi? Ile inayosema maji yakiisha."

"Kazi yake naijua. Nauliza aliandika nini."

Gérard akaniangalia mimi, kwa sababu nilimaliza darasa la sita. Nilikuwa nimeinama juu ya ile boneti mara nyingi, na plasta ile sikuwahi kuisoma. Nikasema sijui.

Mahmoudi akafunga boneti, akamwambia Gérard aende ajaribu mlimani. Gari lilipotoka akaja kukaa karibu na betri zangu, kitambaa mkononi. Hakuniuliza tena.