Mdomo wa Shangazi na Barua ya Mkuu wa Kitengo

Shangazi yangu alikaa kwenye dirisha la mapokezi la hospitali miaka kumi na minne. Kisha mdomo wake wa chini ukavimba, ukagoma kurudi hali yake. Ukiugusa ni mgumu, umepasuka katikati, na akicheka unatoa damu.

Sasa hebu fikiria: mtu anaumwa ndani ya hospitali, madaktari wanampita kila asubuhi, na miaka miwili mizima hakuna hata mmoja aliyemkalisha kitini. Walimtibu wakiwa wamesimama kwenye korido. Mmoja akampa antibayotiki, mwingine dawa ya fangasi, wa tatu mafuta makali aliyoyapaka mpaka ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Wenzake wakamtengea kikombe chake, wasiambukizwe. Mkuu wa kitengo ndiye aliyemaliza kazi: aliandika barua kwamba karani huyu "ana maradhi ya kuambukiza", akamhamishia chumba cha mafaili.

"Nani alinipima?" Shangazi alimuuliza.

"Dada, si tunaona kwa macho?"

Aliyempima ni daktari wa ngozi, mama mmoja mgeni, aliyeingia chumbani humo kutafuta faili la mgonjwa. Alimwinua kidevu, akaubonyeza mdomo taratibu.

"Umetumia dawa gani?"

Shangazi akazitaja zote. Daktari akaguna. Alikata kinyama kidogo, akakipeleka maabara. Majibu yakaja: uvimbe sugu wa mdomo, hauna fangasi, hauna vijidudu, haumwambukizi mtu. Dawa yake ilikuwa sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ndani ya mdomo wenyewe, baada ya ganzi. Shangazi alichomwa huku ameng'ang'ania kiti, machozi yakimtoka. Baada ya sindano ya tatu, mdomo ukanywea.

"Uvimbe unaweza kurudi," daktari alimwonya. "Ukianza tu, njoo tuchome tena."

Mkuu wa kitengo naye akaja, meno yote nje.

"Dada, dirisha lako linakusubiri. Yale yaishe."

"Na barua?"

"Aah, ile tumeshaisahau."

"Mimi sijaisahau. Ulinichafua kwa maandishi, utanisafisha kwa maandishi."

Siku tisa alikataa kutoka chumba cha mafaili, mpaka barua ya pili ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, yenye sahihi na mhuri. Ndipo akarudi dirishani. Mkuu wa kitengo aliyeiandika bado hajapata asante yake, na Shangazi anasema asiingoje.