Utomvu wa Bonetini

"Nani kakutuma uguse boneti?" Kioo alifoka.

"Kwani doa husubiri barua ya mwaliko?" dada yake alimjibu, chupa ya mafuta ya kupikia mkononi. "Gari zima linameta, pale tu palikaa kama kidonda. Nimekusaidia kulifuta, nawe unanibwatukia!"

Kioo akatua ndoo ya maji ya vuguvugu. Jina hilo alipewa na wateja. Miaka thelathini na minne anaosha magari, na anayebisha akamuulize yule kunguru aliyetua juu ya gari lake moja, akajiona, akamsalimia mwenzake na kungoja kuitikiwa mpaka jua likazama.

Utomvu haukuwahi kumshinda. Huufunika kwa kitambaa chenye mafuta, akanywa chai yake, akarudi kuupangusa taratibu. Wembe hakuruhusu hata utajwe mbele ya rangi. Gari hili la marehemu mwanawe alilianza alfajiri, maana lilikaa chini ya mti wa uani miezi mitatu, tangu azikwe. Leo mkwewe, mjane wa mwanawe, anakuja kulichukua. Alipiga simu jana: "Baba, safisha kote. Ila ule mkono usiuguse."

Mkono wenyewe ulikuwa bonetini. Asubuhi ile ya mwisho mwanawe aliegemea hapo utomvu ungali mbichi, akacheka, akajifuta kwenye suruali, akaenda kazini kwa miguu. Alirudishwa kafunikwa shuka. Utomvu ukakauka na vidole vyake vitano.

Dada mtu hakuambiwa. Kila Kioo alipotaka kumwambia, alijitia kutafuta kitambaa. Sasa akasema, macho ndani ya ndoo.

Dada akakaa juu ya kopo lililopinduliwa. "Ungenieleza, kaka! Mkono niliouogesha mimi mwenyewe ungali mdogo kama kijiko!"

Kioo akaikagua boneti. "Limebaki gumba."

"Gumba tu?"

"Na kipande cha kiganja."

Lakini dada huyo hata kaburini angeingia na shauri lake. "Utomvu si uko mtini? Paka, uweke mkono wako. Mikono yenu ilikuwa kurwa na doto."

"Nimdanganye mkwe wangu?"

"Unamdanganyaje? Unampunguzia machozi."

"Wangu mnene. Na kidole hiki kimepinda."

"Mjane gani anapima vidole?"

"Huyu atapima. Huyu ameulalia mkono ule miaka sita."

"Basi mwambie ukweli. Mwambie shangazi wa mumewe kaufuta kwa mafuta ya maandazi. Unaweza?"

Hakuweza. Akachota utomvu kwenye gome kwa kijiko, yeye aliyezeeka akiubandua, akaupaka pale palipong'aa. Akatandaza kiganja chake kando ya gumba lile. Gumba la mwanawe lilikuwa refu kuliko lake. Hakuwahi kulijua hilo.

"Kandamiza," dada akanong'ona. "Usitetemeke. Hesabu mpaka—"

Geti likalia.

"Baba?" mkwewe akaita, kasimama na funguo mkononi, akiutazama mkono ule juu ya boneti.

Kioo akajaribu kuuinua. Ulikuwa umenata.