Mistari ya Wapiga Kelele

Juzi kazini msimamizi aliandika ubaoni, kalamu ikalia kwii. Nikajikuta tena katika darasa la juu la Kihispania, kule Louisville, Marekani, mchana ulionuka makoti yaliyolowa. Kila mwenzangu aliyezungumza, mwalimu alimchorea mstari ubaoni, kando ya jina lake. Kabla ya hapo, shuleni katika kambi ya wakimbizi, kiranja aliandika hivyo majina ya wapiga kelele, kisha fimbo zikafuata. Majibu nilikuwa nayo, ila nilifunga mdomo, nikiwahurumia wenzangu. Nani angeanza kuchapwa?

Kengele ikalia. Mwalimu akaniita mezani.

"Wewe tu huna mstari hata mmoja," akasema taratibu.

Leo najua mistari ile ilikuwa maksi za kuzungumza. Siku ile nilishusha pumzi, nikainamisha kichwa.

"Asante, Mwalimu."