Ugali Nilioula Pangoni

Mnaweza kucheka, lakini mdomo uliouonja ni huu huu ninaosimulia nao. Sikuhadithiwa na mtu.

Kazi yangu ni kutega vinasa sauti kwenye mapango, tujue popo wanatoka saa ngapi na kama wanapungua. Mimi ni Mhehe wa Iringa, ila nakaa Soweto, hapa Mbeya. Siku ile nilikwenda kwenye pango moja nje ya mji. Mama mwenye shamba lenye pango hilo alinipa unga kidogo niumwage mlangoni, akasema, "Humo ndani usisalimie mtu, baba." Nikaumwaga kumridhisha tu. Nani angekaa mle?

Ndani kulinuka mkojo wa popo hadi macho yakanitoka machozi. Mavi yao yalinifika kwenye vifundo vya miguu, mende wakitambaa juu yake. Nilipokwisha kuwasha kinasa sauti, tochi ikammulika mzee amechutama, bakuli mbele yake. Sasa wewe uliyelelewa Iringa, unampitaje mzee kimya? Ulimi ukanitangulia.

"Kamwene," nikasema, salamu ya kwetu.

"Kamwene, mwanangu. Karibu tule."

Kihehe, ndani ya pango la Mbeya. Nikafurahi kama mjinga. Kukataa chakula cha mzee kwetu ni dharau, kwa hiyo nikala matonge matatu. Ugali ulikuwa vuguvugu, na ulikwaruza meno kama una mchanga. Nikashukuru, nikaaga.

Nje, juani, nikaona vidole vyangu vimejaa mavi ya popo. Kwenye meno nikachomoa mguu wa mende, bado unachezacheza. Nilitapika mpaka nyongo. Yule mama alinishika mgongo.

Kinasa sauti nilikisikiliza ofisini. Popo wamo. Kisha sauti yangu, "Kamwene." Halafu kutafuna. Halafu mimi tena, "Asante baba, nimeshiba." Sauti ya mzee haimo kabisa.

Huu ni mwaka wa pili, na mdomo wangu unanuka pango, nipige mswaki nisipige. Mke wangu amehamia chumba cha watoto. Simlaumu, hata mimi najichukia. Na aibu yenyewe hajaijua: ugali wake siku hizi hauna ladha kwangu, na nikikumbuka ule wa pangoni, mate yananijaa.

Niamini mimi. Ukiambiwa usisalimie, pita kimya. Bora uitwe huna adabu.