Ubavuni mwa Mama Mkwe

Katika Elisabethville ya Wabelgiji, mtaani Kamalondo, nilijulikana kama mwalimu wa Kiingereza. Nilikipata kwa miaka miwili upande wa Rhodesia, nikiosha vyombo vya mhandisi mmoja, kwa hiyo nilijua vizuri sana maneno ya jikoni na matusi. Mengine nilifundisha kwa moyo tu.

Mwanafunzi wangu alikuwa jirani, fundi cherehani asiye na cherehani, maana ile ya kukodi ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Mama mkwe wake alikuwa ametuma neno kutoka Lukafu: anakuja kumchukua binti yake, akae naye mpaka mume apate kazi. Kazi ilikuwepo. Mwingereza mmoja, bibi mwenye duka la nguo mjini, alitaka fundi anayeelewa akiambiwa weka hiki hapa, kile pale. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Jumapili mchana tulikuwa uani kwa fundi, tumefika kwenye neno beside.

Usiliogope neno hili, ni jepesi. Si mbele, si nyuma, si juu wala chini. Ni ubavuni, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unagusa. Kitu kilicho ng'ambo ya barabara, hata kikikutazama siku nzima, hakiko beside yako. Niliweka pasi ya makaa ubavuni mwa kinu, fundi akasema beside. Nikaweka kiti ubavuni mwa kinu, akasema. Kuku akaja kusimama ubavuni mwa pasi bila kufundishwa, naye tukamsifu. Nikamweleza fundi kwamba Waingereza wanalipenda neno hilo kwa kuwa wao wenyewe huja kukaa ubavuni mwa watu bila kuitwa.

Vitu vikaisha, nikataka watu. Wakati huohuo mama mmoja wa makamo aliingia na mfuko wa unga kichwani, akautua karibu na kinu. Nilimdhani mteja. Nikamwomba asimame hapohapo kidogo, kisha nikamwamuru fundi kwa Kiingereza aende asimame beside yake.

Fundi akaruka ua, akatokomea kwa jirani.

Nilisikitika, lakini mwalimu ni subira. Nikarudia taratibu, kwa sauti kubwa zaidi, huku nikipapasa hewa ubavuni mwa yule mama ili kuonyesha mahali penyewe.

"Mwalimu, nilishasikia," fundi alijibu kutoka nyuma ya ua. "Ile mama iko mama mukwe yangu."

Kwetu mama mkwe hasogelewi. Huli naye, humtazami usoni, na mkikutana njiani unaingia majanini. Mama alikuwa amegeukia ukuta, kitenge usoni. Mke wa fundi alitoka jikoni, akaona, akaanza kuanua nguo zake kwenye kamba na kuzikunja, kavu na mbichi. Niliomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kibemba, na aibu iliponizidi, kwa Kiingereza.

 Mama alisema na binti yake, kwa sababu mkwe huongeleshwa kupitia mtu: "Muulize ule muntu, miye niko beside ya nani?"

Kumbe alikuwa nje ya lango anatusikiliza tangu somo la pasi. Binti akauliza, kana kwamba mumewe yuko mbali huko Pweto. 

"Mwambie mama," ua ukasema, "haiko beside ya muntu. Iko beside ya kinu. Na miye niko mbali, mbali sana."

Bila kugeuka, mama alinyoosha mkono, akagusa kinu. Kisha akamwambia binti aache nguo, aweke maji motoni, unga umefika.

Jumatatu, yule Mwingereza alimwita fundi asimame beside yake mezani. Fundi akatazama mvi zake, akasimama hatua tatu pembeni, macho chini. Alipewa kazi, na mama mkwe akarudi Lukafu peke yake. Ila kwa miaka mingi bibi wa duka aliwaambia wateja kwamba fundi wake anaelewa Kiingereza chote isipokuwa neno moja, na kwamba angependa kumjua aliyemfundisha.