Bomba Alilolisusia Mama

Wiki iliyopita mita ya maji nyumbani kwangu Ilomba ilianza kuvuja. Nikapiga simu ofisi ya maji, wakamtuma fundi. Nilitegemea kijana wa kiume. Akaja dada mmoja wa makamo, buti miguuni, begi la vyombo begani, akapiga magoti kwenye tope na kuanza kazi bila maneno mengi. Katikati ya kazi simu yake ikaita. Nikamsikia akimwambia mumewe, "Nipo kazini, baba. Pasheni kiporo mle, mimi nitachelewa." Tukacheka, nikampa chai. Lakini alipoondoka nilibaki kibarazani na kitu kinanichoma kifuani, na jina la kitu hicho nilikuwa nalijua tangu utoto. Ulikuwa wivu. Na haukuwa wangu peke yangu. Sehemu kubwa niliurithi kwa mama.

Nyumbani kwetu ni upande wa Iringa, juu kabisa, kule ambako mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka jikoni. Miaka ile ya sabini tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kwenye mgongo wa kilima, na maji yako bondeni. Waliochagua mahali pale walitazama barabara. Hakuna aliyetazama kichwa cha mwanamke.

Kila asubuhi mama alinigusa bega kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika. Tulishuka na madebe, kata za majani ya mgomba zikiwa kichwani, umande unatulowesha mpaka magotini. Kushuka kulikuwa na raha yake: harufu ya moshi wa kuni za miwati, vyura, wanawake wakiamkiana kwenye giza, "Kamwene!" Kupanda ndiko kulikokuwa na kazi. Maji yalichuruzika shingoni, yakaingia mgongoni, baridi kama kisu. Nikifika nyumbani nawakuta kaka zangu ndio kwanza wanajinyoosha, wanachota maji yangu, wananawa uso, wanamwaga. Niliwatazama nikitamani kuzaliwa upya.

Basi siku moja akaja bwana maji kutoka wilayani. Alipanda mlimani na wazee, akaiona chemchemi, akarudi akasema maji yanaweza kuletwa kwa mserereko mpaka katikati ya kijiji, bila mashine, mradi wananchi wachimbe mtaro. Wanaume wakakubali mkutanoni kwa makofi. Kuchimba wakachimba wanawake. Wanaume walikuja siku za mwanzo. Baadaye huyu ana mgongo, yule ana mgeni, na pombe ya ulanzi ilikuwa imeiva. Sisi watoto tulipotoka shule tulipeleka makande na togwa kwenye mtaro, tukawakuta mama zetu wamezama mpaka shingoni, vichwa vyenye vitambaa tu vinaonekana vikienda mbele kidogokidogo.

Mama yangu alichimba kuliko wote. Si mimi tu nisemaye. Palipokuwa na jiwe waliitwa wawili, yeye na jirani yetu. Huyu jirani alikuwa mjane, na yeye na mama walikuwa kitu kimoja. Walipalilia pamoja, walikopeshana chumvi, mmoja akiumwa mwenziwe anakamua ng'ombe wake. Binti yake alikuwa rika langu, tulikaa dawati moja.

Mtaro ulipokwisha, bwana maji aliitisha mkutano. Akasema kamati ya maji ya wanaume watupu haitoshi, kwa kuwa bomba likiharibika anayelijua kwanza ni mwanamke. Alitaka mwanamke mmoja wa kuingia kwenye kamati na kwenda mjini Iringa wiki kadhaa kusomea kazi ya kutunza mabomba. Nakumbuka wanawake walivyogeuka wote pamoja, kama mahindi yakipigwa na upepo, wakamtazama mama. Wakamtaja. Mama akainama, akikwaruza udongo uliokauka kwenye kiganja chake, lakini nilimwona anatabasamu.

Baba akasimama. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa kusikilizwa.

"Bwana maji, mke wangu hawezi," alisema.

"Hawezi nini, mzee? Kazi?"

"Kazi anaiweza. Kulala huko na mafundi ndiko nisikokubali. Mke wa balozi akalale bweni moja na wanaume wasiojulikana, mimi nitaficha wapi uso?"

Watu wakacheka kidogo. Bwana maji akaeleza kwamba mabweni ni mbalimbali, baba akatikisa kichwa. Tabasamu lile likaondoka usoni mwa mama polepole. Ndipo mtu mmoja nyuma akataja jina la jirani yetu, na kwa kuwa hapakuwa na mume wa kusimama, ikapita.

Jirani aliondoka kwa lori la kijiji. Mama alimshonea mfuko wa nguo, akamkaangia karanga za njiani, akampungia mkono mpaka lori likapotea. Kisha akaingia ndani, akalala mchana kweupe, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona.

Jirani alirudi na ovaroli ya bluu, buti na spana. Ee, zile buti! Tulikuwa tunatembea peku kwenye baridi ile, na sasa mama wa mwenzangu anapita barabarani akiacha alama za soli. Binti yake akawa haongei kitu ila "mama yangu amesema washa ya koki," "mama yangu amesema valvu." Mwalimu akamsimamisha mbele ya darasa atueleze maji yanavyopanda na kushuka kwenye bomba. Nilikaa dawatini, nikikata ukucha kwa meno, nikisema moyoni: pale ningesimama mimi. Ile ni nafasi yetu.

Maji yakafika. Palichinjwa ng'ombe, ngoma ikapigwa, na jirani yetu ndiye aliyefungua bomba la kwanza. Yalitoka kwanza mekundu, yakakohoa, kisha meupe. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mama naye alipiga. Alipika, akagawa wali, akacheka na wageni. Jioni akachukua debe lake, akaniita, tukashuka bondeni.

Nilidhani ni siku ile tu. Kumbe ndiyo yakawa maisha. Kijiji kizima kinachota pale karibu, madebe yanalia kwa furaha, sisi wawili tunateremka njia iliyoanza kuota nyasi. Bibi akauliza kama mkwewe amerogwa. Baba alivumilia, mwisho akasema wakati wa kula, "Mke wangu, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba nyumba ya balozi haitaki maji ya maendeleo."

Mama akamsogezea bakuli la maharage. "Ulinikataza Iringa, baba watoto. Sikwenda. Bondeni hukunikataza."

Baba akamega ugali, akautazama, asiupeleke mdomoni.

Aliyeumaliza mchezo ule ni jirani. Asubuhi moja tulipofika kijitoni tulimkuta amekaa juu ya jiwe, na zile buti zake, bila ndoo. Wakaamkiana vizuri kama kawaida. Kisha jirani akasema, "Mwenzangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona maji ninayoyalinda mimi huyanywi?"

Mama alitua debe. Nilidhani atatafuta kisingizio, kwamba ya kijitoni ni matamu, au kwamba ya bomba yana harufu. Akasema, "Nakuonea wivu. Nikikuona na hiyo spana nashindwa hata kumeza mate. Nilichimba kwa mikono hii, halafu nimekaa nikikutazama."

Jirani alizitazama buti zake. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo. "Unajua kwa nini nilikwenda? Kwa sababu sina wa kunikataza. Siku ile mumeo aliposimama kusema hutalala mbali, mimi nilitamani nami nisemewe hivyo na mtu. Nilikuonea wivu mpaka machozi. Kule bwenini nililia usiku wa kwanza, si kwa upweke wa kule. Kwa upweke wa huku."

Mama akakaa chini palepale kwenye majani yenye umande. Mimi nilisimama na kidebe changu tupu, sijui niangalie wapi. Walikaa hivyo mpaka kukapambazuka, mabega yamegusana. Tulipoondoka jirani alibeba debe la mama mpaka nusu ya kilima, mama akabeba nusu iliyobaki.

Tangu siku ile tukachota bombani. Na jirani akaanza kumfundisha mama kila alichofundishwa, jioni, kidogokidogo, kama watu wanaopeana siri ya kusuka. Siku moja koki iligoma kufunga, maji yakawa yanapotea. Jirani alimpa mama spana. "Fungua wewe." Mama alikuwa amechuchumaa, kanga ameifunga juu ya magoti, kainyanyua koki nzima mkononi, ndipo baba akatokea na wenzake kutoka kwenye ulanzi.

"Balozi!" mmoja akapiga kelele. "Mkeo amekuwa fundi!"

Wakacheka. Mama hakuinua kichwa, ila mkono ulisimama. Baba alitazama ile koki, akamtazama jirani, akawatazama wenzake.

"Mwacheni amalize," alisema. "Nina kiu."

Akakaa kwenye ukingo wa saruji akasubiri. Mama alipomaliza, akamkingia maji kwa kibuyu, baba akanywa yote. Mwaka uliofuata ni yeye mwenyewe aliyemtaja mama mkutanoni aingie kwenye kamati. Akaingia, akakaa humo mpaka nikaolewa. Lakini mafunzo ya mjini hayakuja tena kijijini kwetu. Nafasi ile ilikuwa moja, ikapita.

Nilikwenda huko mwaka jana kwenye msiba. Lile bomba limebaki kisiki cha saruji, mbuzi wanalala juu yake. Kila nyumba ina koki yake uani, na wanawake hawakutani tena ila kanisani. Bondeni wamepanda miti ya mbao. Nilitafuta njia yetu sikuiona, na kijito kimekuwa unyevu tu. Sikitamani kile kilima, Mungu anisamehe. Ninachokitamani ni wale wawili. Mimi nina marafiki wengi hapa mjini, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia usoni kwamba namwonea wivu, kisha akanibebea mzigo.

Walizeeka wakiwa majirani. Macho ya mama yalipoharibika, jirani alikuja kila jioni kukaa naye jikoni, na mama alikuwa na ombi lilelile: "Nisimulie Iringa." Jirani anaanza: mwalimu aliyechora mabomba ubaoni, mkate asubuhi, bweni la wanawake lenye vitanda vya springi kwenye mstari. Akifika kwenye vitanda, mama alimkatiza kila mara, uso umeelekea motoni.

"Mimi ningechukua cha dirishani," alisema.